Marehemu ameniachia magitaa manne, na kila mtu ana lake la kusema

Assalaam aleikum Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Barani, hapa Malindi. Mume wangu alifariki mwaka jana na eda yangu nimeshaimaliza. Wazazi wake walimtangulia zamani. Nakuandikia kwa sababu ya vitu vinne vilivyobaki chumbani mwake ambavyo vimeanza kunigombanisha na watu wangu mwenyewe.

Mume wangu alikuwa mpiga gitaa. Mchana alitengeneza mafriji, lakini jioni alipiga kwenye mahoteli ya Casuarina na Watamu, na msimu wa harusi alikwenda na kikundi chake Mambrui, Kilifi, mara nyingine hadi Lamu. Ameacha magitaa manne. Mimi sijui kupiga hata moja. Nayajua kwa masikio tu, kwa kuwa ndoa yangu yote nimeishi nayo, basi nitakueleza nilivyokuwa nikiyasikia.

La kwanza ni la nyuzi za nailoni. Shingo yake pana, na ubao wake wa mbele umekolea rangi kwa uzee. Hili halikutoka nyumbani. Alilipiga baada ya Isha, kwenye baraza yetu ya nyuma, kwa vidole vitupu. Sauti yake nyororo, imejaa, haina haraka. Ukiwa chumba cha pili waisikia na haikuzuii kuzungumza. Watoto wote watatu walibembelezwa kwa gitaa hili.

La pili ni kubwa, la nyuzi za chuma. Yeye akiliita galatoni, ingawa sidhani kama ndilo jina lake la dukani. Hili alikwenda nalo hotelini, akizunguka meza za wageni wakila. Sauti yake kali na safi. Akilipiga uani, majirani walikuwa wakituma watoto waje kuuliza leo kwetu kuna nini.

La tatu ni jekundu, la stima. Halina tumbo, ni ubao mzito mtupu. Harusini likiungwa kwenye spika lilikuwa likifunika hata vigelegele. Nyumbani alilifanyia mazoezi usiku bila spika, na mimi nilisikia mlio mwembamba tu, kama mbu aliye nje ya chandarua.

La nne ni la besi, nyuzi nne nene. Kikundi kikija kufanya mazoezi kwetu, likipigwa hilo, vikombe vilicheza kabatini.

Sasa sikia yanayonisumbua. Mwanangu mkubwa ana tuktuk ya mkopo na amebakisha deni. Kuna bwana mmoja mwenye nyumba ya kukodisha huku pwani aliyeyaona magitaa siku ya arobaini. Ametaja bei moja ya yote manne kwa pamoja, laki moja na nusu, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mkubwa anasema tuuze, deni liishe, na kitakachobaki tufanye khitima ya maana. Si mtoto mbaya, Somo. Ndiye anayeniletea unga na mafuta.

Mdogo wake ana miaka 19 na amerithi mkono wa babake. Amejiunga na vijana wenzake wanaopiga mjini. Alisema la nailoni halisikiki, akaenda dukani akanunua nyuzi za chuma akalitia. Siku za mwanzo lilitoa sauti kubwa kweli, hata mimi nilishangaa. Sasa kile kipande cha mbao kinachofungiwa nyuzi kimeanza kunyanyuka, waweza kupitisha karatasi chini yake, na ubao wa mbele umevimba. Nimelifungia kabatini mwangu na ufunguo ninao mimi. Yeye anaona nimemuunga mkono kaka yake ili liuzwe. Salamu anitolea, mazungumzo hakuna.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, naye anasema vitu hivi havina baraka, na kwamba marehemu ataulizwa kaburini kwa kila uzi aliouchuna. Ametaka vitolewe nyumbani, na kwamba yeye akiwa mkubwa wa ukoo ndiye atakayevigawa. Tangu aseme maneno yale usingizi wangu umekatika.

Halafu wamekuja wawili wa kikundi wakidai gitaa la besi. Wanasema lilinunuliwa kwa mchango wao wote na marehemu alilihifadhi tu. Karatasi sijaiona.

Binti yangu yuko chuoni Mombasa, yeye hana neno. Kazi yake ilikuwa kumshikia babake nyuzi akizibadilisha, na kumwambia upi haujakaa sawa.

Nilifikiri hivi: magitaa manne, na sisi ni wanne. Kila mmoja achukue lake, na atakayetaka kuuza auze. Naona ndiyo haki. Lakini kila nikitaka kulisema, linakwama. Nikiyauza naona nitakuwa nimemzika mume wangu mara ya pili. Nisipoyauza mwanangu atanyang'anywa tuktuk. Nifanye nini?

Mjane, Barani

*

Waaleikum salaam, dada yangu. Pole kwa msiba, na pole kwa haya yaliyoufuata. Mola amrehemu marehemu, nawe akupe subira na ukunjufu.

Wasema huyajui magitaa haya, kisha umeyaeleza vizuri kuliko wengi wanaoyapiga. Nitalitegemea sikio lako hilo katika jibu langu lote.

Umeniuliza uuze au ugawe, lakini ndani ya barua yako kuna maswali ambayo hayajatenganishwa: ni nani mwenye haki ya kuamua, kipi ni mali ya marehemu na kipi si yake, deni la mwanao mkubwa ni kiasi gani, na huyu mdogo kwa kweli anatafuta sauti gani. Yakikaa yamefungwa pamoja, jibu lolote utakalotoa litamuumiza mmoja wenu. Nitayafungua kwa namna ninavyoyaona, kisha wewe na wanao mtakuwa na la kuzungumza.

Kuna moja halingoji kikao. Nyuzi za chuma zitoke kwenye gitaa la nailoni leo. Zisikatwe kwa mkasi. Zilegezwe kidogo kidogo, zote kwa zamu, mpaka zilegee kabisa. Seti ya nyuzi za nailoni huvuta gitaa kwa nguvu ya kama kilo 40, na seti ya kawaida ya chuma huvuta kwa kilo 70 na kuzidi. Gitaa la nailoni hujengwa jepesi kwa makusudi. Ubao wake wa mbele ni mwembamba, na vijiti vinavyoushika kwa ndani ni vyembamba pia, ili nyuzi laini ziweze kuutikisa. Umbo hilo tunalo tangu karne ya 19, kutoka kwa fundi wa Kihispania Antonio de Torres, na enzi zake nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama. Nailoni ilikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili. Gitaa la chuma limeundwa vingine kabisa: ndani mna mihimili minene iliyopishana, na shingoni mmepitishwa fito ya chuma isiliache lipinde. La nailoni kwa kawaida halina fito hiyo. Ndiyo sababu daraja, yaani kile kipande cha mbao kinachofungiwa nyuzi, linang'oka na ubao umevimba.

Likiwahiwa, latengenezeka. Tafuta fundi wa udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, au wa magitaa hasa, kwa kuwa hata seremala hodari wa milango aweza kuliharibu kwa nia njema. Na mtu asije na zile gundi kali za papo hapo. Zikishaingia chini ya daraja, fundi atakayekuja baadaye atapata taabu sana kuzitoa, na huenda akang'oa ubao pamoja nazo.

Kwa hiyo ningependa ulifungue hilo kabati. Sikwambii umrudishie mwanao gitaa, hilo mtazungumza. Lakini kulegeza nyuzi ni kazi ambayo yeye anaijua na wewe huijui, na ukimwita akusaidie mtakuwa mmekaa pamoja mbele ya kitu cha babake bila kugombea kitu chochote. Mweleze hizo kilo 40 na 70. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia. Kijana wa miaka 19 huona tundu la nyuzi ni tundu la nyuzi.

Tukitoka hapo, niruhusu niuguse mpango wako wa moja kwa kila mtu. Nauelewa, una upendo ndani yake. Lakini wewe mwenyewe umenieleza kwamba sauti zake hazifanani, na kazi zake hazifanani pia.

Chukua la nailoni. Shingo yake ni pana, kwenye ncha ya juu karibu milimita 52 ambapo la chuma huwa kama 43, na upana huo unavipa vidole vya mkono wa kulia nafasi ya kuchuna kila uzi peke yake. Sauti yake huanza kwa upole na haikawii kufifia. Ni gitaa la mtu mmoja na wasikilizaji walio karibu. Mwanao alipolalamika kwamba halisikiki hakukosea, katikati ya ngoma na spika haliwezi kusikika kwa nguvu zake lenyewe. Iko njia, fundi anaweza kulitia kifaa kidogo chini ya kile kijiti kinachobeba nyuzi darajani, kikaunganishwa na spika, na sauti ikabaki ile ile ya nailoni ila imekuzwa. Hatari yake ni kwamba spika ikifunguliwa sana, tumbo lake tupu linaisikia sauti yake lenyewe na kuirudisha, ukumbi mzima ukaanza kupiga yowe. Kwa taarabu ya kukaa kitako litafaa. Kwa vijana wanaorusha watu, sina hakika.

Hilo mnaloliita galatoni pengine ndilo analolitafuta bila kujua. Matumbo makubwa ya namna hiyo yalianza kuundwa Marekani na kiwanda cha Martin mwaka 1916, yakapewa jina la manowari ya Waingereza kwa ukubwa wake. Nyuzi za chuma hulia kwa ukali, na sauti hukaa hewani muda mrefu kabla ya kufifia. Kwa mtu anayeimba huku akijipigia, hakuna gitaa la kumfaa zaidi. Wazee waliosikiliza redio miaka ya 50 na 60 watakumbuka Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba Kiswahili na gitaa lake kavu lisilo la stima, kwa kidole gumba na cha shahada tu, ukadhani wako wawili. Hili pia ndilo gitaa lililowahi kuleta pesa za hotelini nyumbani kwako. Anayelipata anapata chombo cha kazi tangu siku ya kwanza, hahitaji stima wala kikundi.

Jekundu ni habari nyingine. Ule mlio mwembamba uliokuwa ukiusikia usiku ndio sauti yake halisi ya mbao. Chini ya nyuzi mna sumaku zilizozungushiwa uzi mwembamba wa shaba mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku unazaa umeme kidogo sana, waya unaupeleka kwenye amplifaya, nayo inaukuza. Ukilitia gitaa hilo nailoni, spika haitatoa kitu. Litazame kwa karibu. Ukiona vijisanduku vitatu vyembamba, ni la namna iliyotolewa na kampuni ya Leo Fender mwaka 1954, yenye sauti kali iliyo wazi ambayo wapigaji wa benga na rumba hupenda kwa kuwa inapenya. Ukiona viwili vipana, sauti yake ni nene zaidi na haina ule mvumo wa stima unaosikika wakati hakuna anayepiga.

Lakini nina swali, dada yangu. Spika na amplifaya viko wapi? Hukuvitaja. Gitaa la stima bila vitu hivyo ni nusu ya chombo, na mkimpa mtoto mmoja fungu hilo mkidhani ni sawa na la mwenzake, mtakuwa mmempunja bila kukusudia. Kama vilikuwa vya marehemu, navyo ni mali ya kuhesabiwa.

Kisha hilo la besi. Uzi wake mnene hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, nusu kamili ya uzi mnene wa gitaa la kawaida, ndiyo maana vikombe vyako vilicheza. Taarabu ya siku hizi haisimami bila besi, lakini besi peke yake chumbani haina la kumwambia mtu. Ni chombo cha kundi. Hilo linanifanya nisiyapuuze madai ya wale wenzake wawili, ingawa madai si ushahidi. Waulize kwa upole: nani walichanga, lini, lilinunuliwa kwa nani, kuna ujumbe wa M-Pesa uliobaki, kuna mwanakikundi wa tatu anayeweza kusema? Nawe tafuta katika simu ya marehemu. Ikithibiti kuwa ni la kikundi, basi haliingii kwenye mirathi hata kidogo, na kuliuza pamoja na mengine kutawaletea aibu wewe na wanao. Isipothibiti, ni lenu. Kulishikilia kwa kuwa hawana karatasi kuna hatari yake pia: hao ni watu waliopiga muziki na mumeo miaka mingi, na huenda kesho ndio watakaomchukua mwanao kwenye kazi.

Kuhusu mirathi nitasema yale yanayojulikana, mengine umuulize aliyesoma. Kwanza hutolewa gharama za maziko na madeni ya marehemu, kisha wasia kama upo, usiozidi theluthi. Kinachobaki ndicho cha warithi. Mke mwenye watoto wa marehemu ana thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Baki ni ya watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Kwa familia yako, mali ikipigwa mafungu 40, wewe una 5, kila mwanao wa kiume ana 14, na binti ana 7. Kaka wa marehemu harithi pakiwa na mtoto wa kiume. Mpango wako wa moja moja haulingani na mafungu haya, lakini warithi walio watu wazima wanaweza kupatana wao kwa wao, mmoja akaridhia kilicho pungufu, ilimradi kila mmoja amejua kwanza haki yake ni ipi na hakushurutishwa. Mahakama ya Kadhi iko hapo hapo Malindi. Kwenda kuuliza si kumshtaki mtu, na jibu likitoka huko hutalazimika kubishana na shemeji yako uso kwa uso.

Yale maneno yake ya kaburini yameniuma kwa niaba yako. Suala la ala za muziki wanazuoni wamelizungumza na hawakuafikiana, nami si wa kutoa fatwa safuni. Kama moyo wako una shaka, nenda kwa sheikh unayemwamini, ukae naye kwa faragha, umuulize la kwako. Lakini habari za kaburi la mtu anazijua Mola wake, na sidhani kama shemeji yako amepewa. Mwambao huu umemsikiliza Zein l'Abdin wa Lamu na udi wake, umemsikiliza Juma Bhalo, na katika nyumba zile zile maulidi yalisomwa. Pengine shemeji yako amemwogopea ndugu yake mapenzi yakamtoka kwa umbo la kemeo. Unamjua kuliko mimi. Ukihisi hivyo, kumwomba amsomee ndugu yake na kumtolea sadaka kutampa la kufanya na kumwondoa kwenye ugawaji. Ukihisi si hivyo, kuna Kadhi.

Sasa mnunuzi. Bei moja kwa vitu vinne tofauti inanitia wasiwasi. Mara nyingi anayetaka yote anataka moja, na mengine ni ya kulifunika hilo. Tazameni ndani ya tundu la la nailoni na la galatoni, huwa kuna karatasi yenye jina la aliyelitengeneza. Kwa jekundu tazameni kichwani na nyuma kwa namba. Piga picha, umtumie mtu wa magitaa asiye na haja ya kuyanunua, aseme kila moja lina thamani gani. Huenda akakwambia yote ni ya kawaida na bwana huyu ni mkarimu. Huenda akakwambia la nailoni peke yake, hata likiwa na jeraha, linazidi hiyo laki moja na nusu. Bila kujua, kukubali na kukataa yote ni kubahatisha.

Na deni la tuktuk, hukusema ni kiasi gani. Mwulize mwanao akuandikie: amebakisha ngapi, analipa ngapi kwa mwezi, amechelewa miezi mingapi. Ikiwa deni linafunikwa na bei ya gitaa moja, hamna haja ya kuuza manne. Njia nyingine ni wale wa kikundi kukodi jekundu kwa kila harusi na pesa ziende kwenye mkopo. Hapo kuna hatari ya chombo kurudi kimevunjika na lawama kuanza, kwa hiyo waandikiane. Yawezekana pia mdogo akapiga galatoni mahotelini kama babake na kumsaidia kaka yake, ila hilo lataka yeye mwenyewe alikubali, na mapato ya hoteli hufuata msimu wa wageni. Na kuuza yote nako si dhambi. Mtoto anayemlisha mama yake akinyang'anywa chombo cha kazi, hilo nalo ni hasara ya marehemu. Ningeomba tu mkubwa asitiwe katika hali ya kuonekana kama aliyeuza mkono wa babake. Maana katika barua yako mdogo ana huzuni, yeye ana deni, na sidhani kama ndivyo. Amelelewa kwenye baraza ile ile.

Nimemweka binti yako mwisho kwa kuwa nawe ulimpa mistari miwili. Wasema hana neno. Je, ameulizwa? Mtoto aliyekuwa akimwambia babake uzi upi haujakaa sawa ana sikio ambalo wengi hulitafuta wasilipate. Babake, mpigaji wa kazi, alimsikiliza yeye. Kukaa kimya kwake huko Mombasa kwaweza kuwa ridhaa, kwaweza kuwa ameona kaka zake wanagombea akajitoa, kwaweza kuwa hakujua kama yeye ahesabiwa katika vitu vya muziki. Mpigie. Usimuulize anataka lipi, muulize anayakumbukaje. Na umuulize kama ana chochote alichomrekodi babake kwa simu. Ikiwa anacho, jiandae kabla ya kusikiliza, na usikilize pamoja na mtu.

Hilo linahusu lile neno lako la kumzika mara ya pili. Sauti uliyoizoea ilitoka kwa nyuzi, kwa ubao, na kwa kucha na nyama ya vidole vya mtu mmoja. Gitaa lile lile mikononi mwa mwanao litasema kwa namna nyingine. Wako wajane ambao hilo huwafariji, na wako ambao huwachoma wakatamani kitu kitoke nyumbani. Wewe u upande gani sijui, na huenda wewe pia hujui mpaka ulisikie likipigwa limeshatengenezwa. Umenieleza anachotaka kila mtu katika nyumba hiyo. Wewe una mafungu matano katika 40, na hukusema popote ungependa kubaki na nini.

Mkiwa bado mnazungumza, magitaa yatunzwe. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu mwingi, nyuzi za chuma hushika kutu haraka na mbao hunywa maji zikavimba. Yasiegemezwe kwenye ukuta wa nje wala kuachwa chini ya mabati saa za jua. Galatoni na jekundu zifutwe nyuzi kwa kitambaa kikavu, na ikiwa hakuna anayeyapiga zilegezwe kidogo. La nailoni likae bila nyuzi mpaka fundi alione. Yule bwana mwambie kwa adabu kwamba mirathi haijagawanywa na utamjibu ikishagawanywa. Akiwa ananuia kweli, atasubiri.

Somo wako